Kura Iwe ya Kazi, Jina Lije Baadaye

Wazee wangu, shikamooni. Wasanii wenzangu, na ninyi vijana wa brashi na patasi mliojaa kule nyuma, habari za asubuhi. Namshukuru mwenyekiti kwa kunipa nafasi kabla wajumbe hawajaanza kuzijadili kanuni mpya za shindano la mwaka la chama chetu. Nimeombwa nizungumzie kifungu kimoja tu, kile kinachotaka kazi zote zipigiwe kura zikiwa na namba, bila jina la mchoraji, mchongaji wala mshairi. Maneno yamekuwa mengi juu ya kifungu hiki, mengine makali. Mimi nakiunga mkono kwa moyo wote. Nitaeleza kwa nini, na nitasema pia wapi naona hakijakaza vya kutosha.

Hakuna hata mmoja humu aliyeandika jina lake kwenye karatasi ya majibu ya mtihani wa taifa. Tuliandika namba. Baraza la Mitihani la Tanzania limekuwepo tangu mwaka 1973, na mbele ya msahihishaji mtoto wa waziri na mtoto wa mvuvi wa Kunduchi wote ni namba. Sijawahi kumsikia mzazi akilalamika kwamba mwanawe amevunjiwa heshima. Tunaelewa kwamba msahihishaji ni binadamu, ana mashemeji, ana majirani, ana watu anaowaogopa. Namba inamkinga mtoto, na inamkinga msahihishaji mwenyewe asije akafuatwa nyumbani usiku.

Nimejibiwa kwamba mtihani una jibu sahihi, picha haina. Ni kweli kabisa, na kwa sababu hiyohiyo picha inahitaji kinga kubwa zaidi. Msahihishaji wa hesabu ana mwongozo mezani; hata ampende mtoto namna gani, mbili na mbili haziwi tano. Mbele ya picha hatuna mwongozo huo. Tuna macho, tuna uzoefu, tuna mazoea, na macho yakisita kidogo hutafuta cha kuegemea. Kilicho karibu zaidi ni lile jina pale chini kwenye kona.

Nimekaa kwenye meza za majaji miaka mingi, na naomba mniamini ninapowaambia mambo huwa hivi. Kazi inaletwa, na kabla mtu hajasema neno juu ya rangi au mpangilio, anauliza: "Hii ya nani?" Akitajiwa mtu mkubwa, mstari uliopinda unaitwa ujasiri. Akitajiwa kijana asiyejulikana, mstari uleule unaambiwa mkono bado haujakomaa. Watu hao hawakuwa wala rushwa. Wengi wao walikuwa walimu hodari na wapenzi wa kweli wa sanaa, na wangekasirika sana mtu akiwaambia wanapendelea. Jina lilikuwa limeshatazama kwa niaba yao. Na majina yetu ya huku Afrika Mashariki hayako kimya hata kidogo: yanasema dini, yanasema pwani au bara, mara nyingi yanasema kabila, na karibu kila mara yanasema kama aliyeshika brashi ni mwanamke au mwanamume. Ukishalisoma jina, umeshajiamulia mengi kabla hujaisogelea picha.

Kwetu jambo ni zito zaidi, maana hatuna jopo la watu kutoka nje. Tunapigiana kura wenyewe kwa wenyewe. Kijana anayejifunza kwenye karakana ya fundi fulani anaiona kazi ya fundi wake ukutani, jina limeandikwa chini yake. Atafanya nini? Fundi ndiye aliyempa mahali pa kulala alipofika mjini, ndiye anayemgawia rangi. Kuna aliyekuuzia turubai kwa mkopo, kuna aliyekuchangia msiba wa mama yako. Undugu huu ni mali yetu na siombi upungue. Ninachoomba ni tusiulazimishe uingie kwenye sanduku la kura, ambako unamtesa hata yule anayetaka kuwa mkweli.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Washington. Mwaka 1980 liliitishwa shindano la kubuni kumbukumbu ya Wamarekani waliokufa katika vita vya Vietnam. Mapendekezo 1,421 yakaingia. Yalipangwa ndani ya banda la ndege kwenye kambi ya jeshi la anga ya Andrews, kila moja likiwa na namba tu. Majaji wanane, watu wazito katika usanifu majengo, uchongaji na usanifu wa bustani, wakapita mbele ya kazi zote hizo, wakachuja na kuchuja tena, wakafikia namba 1026. Mchoro wenyewe ulikuwa wa chaki za rangi, laini, karibu hafifu: umbo jeusi lililojikunja na kuzama ardhini. Ukiuweka kando ya michoro ya ofisi kubwa, yenye mistari ya rula na sanamu zilizosimama wima, ungeweza kudhani umeingia hapo kwa bahati mbaya.

Lilipotafutwa jina, akapatikana Maya Lin, binti wa miaka 21, mwanafunzi wa Yale ambaye hata shahada ya kwanza alikuwa bado hajaipata, mzaliwa wa Ohio, wazazi wake wahamiaji kutoka China. Wazo lile alikuwa amelitengeneza kwa ajili ya somo la darasani. Mwalimu wa somo hilo naye alikuwa ameshiriki shindano, na mwanafunzi wake akamshinda. Jiulizeni jopo lile lingefanya nini kama kwenye kila ubao pangekuwa na jina, umri na cheo. Maya Lin mwenyewe aliandika baadaye kwamba alijiuliza kama angechaguliwa iwapo kazi ingewasilishwa kwa jina lake, si kama namba 1026.

Na kilichofuata kinaonyesha alikuwa na sababu ya kujiuliza. Jina lilipojulikana, ugomvi ulilipuka. Wapo waliochukia granite nyeusi, wapo waliotaka sanamu ya mashujaa, na hao walikuwa na haki ya kusema, kwa kuwa ni hoja za sanaa. Lakini wapo pia walioleta suala la asili yake ya Kiasia. Ukuta ukajengwa hata hivyo, ukazinduliwa Novemba 1982. Mwaka 1984 sanamu ya askari watatu ikawekwa karibu yake ili kuwatuliza waliolalamika. Leo watu wanakwenda pale kugusa kwa vidole majina ya ndugu zao, zaidi ya 58,000, yaliyochongwa kwenye jiwe. Shindano lililoficha majina ya washiriki lilizaa kazi ambayo shughuli yake yote ni kutaja majina ya watu.

Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu pingamizi kubwa kuliko yote limetoka kwa wachongaji, na nalichukulia kwa uzito wa pekee. Walisema: sisi tumenyimwa majina muda mrefu, leo ninyi wenyewe mnataka kutunyima tena? Wana haki ya kuuliza. Nenda kwenye makumbusho za Ulaya zenye vitu vya Afrika. Utakuta kinyago cha mpingo kilichomchukua mtu miezi, na kibandiko chini yake kinasema "Makonde", labda na nchi, basi. Mtu aliyekichonga alikuwa na jina, alikuwa na mama aliyempa jina hilo, na aliyekinunua hakujishughulisha kuuliza. Kabila zima limeandikwa mahali pa mtu mmoja. Hilo ni jeraha, na mtu mwenye jeraha hilo akisikia habari ya kuficha majina lazima ashtuke.

Ndugu zangu wachongaji, ninachokitetea hapa kina mwisho, na mwisho huo uandikwe ndani ya kanuni. Jina linafichwa tangu kazi inapopokelewa hadi kura ya mwisho inapohesabiwa. Kuanzia dakika hiyo linarudi, kamili, la kwako na la baba yako, kwenye kibandiko, kwenye katalogi, kwenye tangazo la redio, na si la mshindi peke yake. Kila aliyeshiriki atajwe. Kifungu kilivyoandikwa sasa kinasema tu kwamba majina ya washindi "yatatangazwa". Hapo naona hakitoshi, na nitaomba kiongezwe maneno. Anayeficha jina la msanii kwa siku kumi bila kujifunga kulitoa siku ya kumi na moja, simwamini.

Kuna jambo la mkono. Wengi mmesema, hata tukifunika majina, tutajuana tu. Marehemu George Lilanga nani asingemtambua? Yale mashetani yake yenye masikio makubwa na matumbo ya mviringo unayaona kutoka upande wa pili wa barabara. Ni kweli. Msanii aliyekomaa ana mkono unaosema kabla ya saini yake. Lakini angalieni upande mwingine wa ukweli huo. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora hapa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za mafuta zilizokuwa zikipakwa baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Alifariki mwaka 1972, amefanya kazi hiyo miaka michache tu. Ndugu na wanafunzi wake wakaiendeleza, nao wakafundisha wengine, na leo chui, kanga na kiboko wale wanachorwa na mikono mingi sana. Weka picha kumi za mtindo huo ukutani bila saini, halafu niambie bila kusita ipi ni ya nani. Utabahatisha. Na pale unapobahatisha ndipo unapolazimika kuitazama kazi yenyewe: chui huyu ana uhai au amenakiliwa tu? Huyu aliyepanga majani nyuma alikuwa anafikiri au alikuwa anajaza nafasi?

Kwa hiyo sidai kwamba namba itaficha kila kitu. Nadai kwamba itatia shaka, na shaka hiyo inatosha. Nikidhani ni ya fulani lakini sina hakika, siwezi kumpigia fulani kura kwa usalama, nitapigia picha. Wanamuziki wa Ulaya na Marekani walilijua hili. Okestra ya Boston ilianza mwaka 1952 kuwasikiliza waombaji wa nafasi wakipiga vyombo nyuma ya pazia, na nyingine zikafuata. Baadhi ziliwatandikia waombaji zulia au kuwaambia wavue viatu, kisigino kisije kikamtaja mwanamke kabla ya fidla yake. Watafiti bado wanabishana ni kwa kiasi gani pazia peke yake liliwasaidia wanawake, lakini sijamsikia mwanamuziki makini akitaka liondolewe.

Kwa upande wa ushairi kazi ni ngumu zaidi, na hapa nawaomba malenga wetu wanisaidie. Mila yetu inamtaka mtunzi ajitaje katika beti za mwisho. Wengine hutaja hadi mji na mtaa. Anayetunga kwa lakabu naye hajifichi, kwani lakabu ya mshairi mzuri hukua ikawa jina kubwa kuliko lile la kuzaliwa. Amiri Sudi Andanenga alijiita Sauti ya Kiza, na wasomaji wa mashairi wakamjua kwa hiyo vizuri tu. Ndiyo maana nasema mshiriki asijichagulie jina la bandia. Apewe namba na mtunza daftari, yule atakayeshika orodha ya majina na namba. Na ubeti unaomtaja mtunzi uandikwe kwenye karatasi ya peke yake, upigiwe kura utungo bila ubeti huo, kisha siku ya matokeo shairi lisomwe lote, na kaditama yake.

Majina ya bandia yana hatari nyingine. Pierre de Coubertin, mwasisi wa Olimpiki za kisasa, ndiye aliyesukuma hadi sanaa ikaingizwa kwenye michezo hiyo. Mwaka 1912 kule Stockholm zikatolewa medali za usanifu majengo, uchongaji, uchoraji, muziki na fasihi. Medali ya dhahabu ya fasihi ikaenda kwa shairi la kuusifu mchezo, lililoletwa chini ya majina mawili, Georges Hohrod na M. Eschbach. Hao wawili hawakuwepo. Aliyeliandika ni Coubertin mwenyewe, rais wa kamati iliyokuwa na michezo ile mkononi. Huenda majaji hawakujua, na huenda shairi lilistahili. Hata hivyo mtu anayeandaa shindano hapaswi kulishiriki, afunike jina au asilifunike. Nilipoisoma rasimu yetu sikuona mahali panapomkataza mjumbe wa kamati kuleta kazi. Pawepo.

Wapo pia wanaosema jina ni dhamana. Wananipa mfano wa jumba la opera la Sydney. Mapendekezo 233 yaliletwa, nayo yalishindanishwa bila majina, na mwaka 1957 akashinda Jørn Utzon wa Denmark, mtu ambaye hakuwa na sifa ya majengo makubwa nyuma yake. Makadirio ya mwanzo yalikuwa kama dola milioni 7 za Australia. Lilipofunguliwa mwaka 1973 lilikuwa limekula milioni 102, na Utzon mwenyewe alikwishaondoka mwaka 1966 baada ya kugombana na serikali. Mfano huu ni mzuri na sitaki kuupita kwa haraka. Unatuonyesha kwamba kura isiyo na jina inachagua wazo, wala haiwezi kukuambia kama mwenye wazo anaweza kulisimamia. Kwa hiyo pale tunapomtafuta mtu wa kuchora ukuta mzima wa jengo kwa fedha za mfadhili, tuchague mchoro kwa namba kwanza, halafu tufungue majina na tuulize maswali ya uzoefu, wasaidizi na muda. Kwa shindano letu la kawaida, ambalo kazi huletwa ikiwa imekamilika, swali hilo halipo. Na naongeza: kama wangesoma majina kwanza, Sydney leo isingekuwa na jengo lile.

Hoja ya picha zinazotengenezwa na kompyuta ni mpya na vijana ndio walioileta: wanahofu kwamba jina likifichwa, mdanganyifu ataleta picha ya kompyuta na kuiita yake. Mwaka 2023 Mjerumani Boris Eldagsen alitangazwa mshindi wa kundi moja katika tuzo za Sony za upigaji picha duniani, akaikataa tuzo na kueleza kwamba picha yake ilitengenezwa na akili bandia. Jina lake halikumzuia mtu kudanganyika. Kinachosaidia hapa ni mtunza daftari kupokea, pamoja na kazi, michoro ya awali na picha za kazi ikiwa nusu. Anayapokea, anayahakiki, anayafungia. Wapiga kura hawayaoni.

Wazee wangu, kuna mmoja wenu aliyeniambia kwa upole, na nikaumia, kwamba jina lake amelijenga kwa miaka arobaini na sasa analetewa namba kama mtoto wa shule. Nalichukua neno hilo kwa heshima. Jina la namna hiyo linastahili tuzo yake, tuzo ya utumishi, itolewe hadharani, kwa jina, na hotuba zisomwe. Napendekeza chama kianze kuitoa mwaka huuhuu. Lakini kwenye shindano la kazi mpya, mzee akishinda kwa namba, hakuna kijana atakayenong'ona kwamba amepewa kwa ajili ya mvi. Na kijana akishindwa kwa namba, atarudi karakana akijua kilichoshindwa ni picha, wala si ukoo wake.

Sipendekezi kila sanaa iwe hivi. Huwezi kuwaambia Akhwan Safaa, kikundi kilichoanza mwaka 1905 kule Unguja, wapande jukwaani bila jina. Ushindani wa vikundi vya taarabu umejengwa juu ya nani anamjibu nani. Kwenye tuzo za muziki ambazo mashabiki hupiga kura kwa ujumbe mfupi, wanampigia msanii wao, na wanajua wanachofanya. Nasi tuwe na Tuzo ya Watazamaji, ipigiwe kura siku za mwisho za maonesho baada ya majina kufunuliwa. Huko kila mtu alete mashangazi na wafuasi wake wote. Ila kabla ya hapo, anayeposti picha yake kwenye status na kuandika "nipigieni namba 14", kazi yake iondolewe kwenye kura. Rasimu inasema "ataonywa". Onyo halitoshi, kwa sababu likishatolewa kura zimekwishapigwa.

Limebaki suala la nani ashike daftari lenye majina na namba. Asiwe mjumbe wa kamati, asiwe mwenye duka la vifaa vya sanaa, asiwe mtu anayenunua kazi zetu. Mimi ningemwomba wakili au mwalimu mstaafu asiye mwanachama, alifunge kwenye bahasha, bahasha itiwe lakiri mbele yetu sote, na ifunguliwe ukumbini baada ya kura kuhesabiwa kwa sauti.

Na saini iliyo mbele ya picha ifunikwe kwa utepe wa karatasi usioharibu rangi, mwenye kazi akiwepo. Najua wapo wachoraji wanaosema saini ni sehemu ya mpangilio wa picha, na kwa baadhi ya picha ni kweli. Mwenyekiti, naomba mjadala uanzie hapo, na wachoraji wa Tingatinga wapewe nafasi ya kwanza kusema.